Tume ya Kuonja Akiba

Wengi wameniuliza iko wapi taarifa ya Tume ya Taifa ya Kuhakiki Akiba za Kaya, ile ya kurasa mia tatu na ushee, ambayo mimi Hemedi Ngwali nilikuwa mwandishi wake. Wizara inasema imo bungeni. Bunge linasema imo wizarani. Sipendi kuwavunjia heshima wakubwa, lakini taarifa haiko huko wala huko, na mahali ilipokwenda tunapajua watu wawili tu, mimi na Bi Sikudhani wa Mtaa wa Kiwambo. Nitaeleza yote, ila kwanza niieleze nchi.

Nchi yenyewe siitaji, maana kulitaja jina lake hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa ili kubana matumizi. Ni nchi nzuri. Ina mito miwili, nyimbo tatu za taifa na mawaziri arobaini na saba. Mwaka ninaousimulia mvua ilikosa, mahindi yakakauka yakiwa hayajafika magotini, na watu wakaanza kulisema neno "njaa". Wizara ikalipiga marufuku siku hiyo hiyo. Tukaagizwa tuseme "Kipindi cha Mpito wa Tumbo". Mama mmoja aliyelia sokoni kwamba wanawe wana njaa alikamatwa. Mwenzake aliyelia kwamba wanawe wamo kwenye mpito alipongezwa na kupigwa picha. Wote wawili walirudi nyumbani na vikapu vitupu.

Ndipo ukatoka Mwongozo wa Kaya Tayari. Kila nyumba iweke akiba ya chakula cha miezi sita, bila kuuliza kitatoka wapi. "Kila mwananchi afunge mkanda!" alinguruma Mheshimiwa Waziri wa Mpito redioni. Yeye mwenyewe suruali yake ilishikiliwa na kanda za mabegani, kwa kuwa hakuna mkanda uliowahi kumzunguka, lakini hilo si kosa lake.

Ikaundwa Tume ya watu kumi na mmoja kwenda kukagua kama wananchi wanatii. Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Ngurumo Mtapisho, mtu mwenye shahada ya lishe na hamu ya kuitumia. Kabla ya kazi tulifanya semina ya siku tano katika hoteli ya ziwani. Mada kuu iliitwa "Sahani Moja Yatosha". Ilibidi iwasilishwe mara mbili, maana mara ya kwanza mtoa mada hakusikika kwa kelele za vijiko.

Kazi ilianza vibaya. Katika wilaya ya kwanza tuligundua watu wanajaza mitungi mchanga na kutandaza kunde juu. Bwana Ngurumo alikasirika sana. Jioni ile akaandika Kanuni ya Nne: akiba itahakikiwa kwa kuonjwa, na kwa kuwa chakula kibichi hakionjeki, itapikwa kwanza. Nani apike? Mwenye nyumba, bila shaka. Kwetu mgeni haondoki kwenye nyumba yenye moto bila kula. Ni mila ya mababu, na wabunge waliiingiza kwenye Katiba kwa kura zote, kwani hakuna wageni wakubwa nchini kuwashinda wao.

Hivyo tukafika kwa Bi Sikudhani.

Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye kauli fupi. Aliishi na binti yake Mboni, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba na mume aliyekwenda kutafuta kazi migodini, anaitafuta hadi leo. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua. Sikuwahi kuona nyumba iliyojipanga vile. Kwenye kona ya chumba cha ndani lilisimama pipa kubwa la bati, limejaa mahindi yaliyochanganywa na majivu ili fukusi wasiyaguse. Juani palianikwa majani ya kunde na kisamvu. Dagaa walikuwa wamefungwa kwenye vifuko, kila kifuko cha juma moja. Vumbi la mkaa alilifinyanga kwa udongo akapata madonge ya kuwashia. Njiti ya kiberiti aliipasua kati kwa wembe, ikawa mbili. Maharage aliyachemsha kidogo tu, kisha chungu akakitia kwenye kapu lililojazwa matambara, yakaendelea kuiva yenyewe bila moto hadi mchana.

"Ajabu!" alisema Bwana Ngurumo akiinama juu ya kapu. "Hii ni teknolojia. Mama, nani alikufundisha?"

"Shida, baba," alijibu Bi Sikudhani.

"Andika, Hemedi. Amefundishwa na Wizara."

Nikaandika. Ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya.

Bi Sikudhani akatuonyesha kibaba chake cha mbao. Kila siku alitoa pipani kibaba kimoja tu, usawa wa ukingo, akapitisha kisu juu yake ili kisizidi hata punje. Kwa hesabu yake mahindi yale yangefika hadi mvua ya pili. Mwisho alivuta chini ya kitanda kopo jeupe lenye mfuniko uliobana. "Hili si la nyumba," alisema. "Ni unga wa mtama na pilipili manga. Ni uji wa Mboni, siku arobaini za uzazi. Hili haliguswi hata nyumba ikiungua."

"Halitaguswa," alisema Bwana Ngurumo kwa sauti ya kiapo. Kisha akakohoa. "Sasa, mama, tuhakiki."

Siku ile tulihakiki vibaba vinane vya mahindi, vifuko viwili vya dagaa na kapu zima la maharage. Bwana Ngurumo alihakiki sahani tatu peke yake, kwa sababu ya wadhifa wake. Nasema wazi kwamba niliona aibu. Mboni alikuwa amekaa kizingitini akishika mgongo, akihesabu kwa macho kila tonge lililopanda. Aibu ile haikunizuia kula.

Tulipomaliza, Mwenyekiti alisimama akiwa na mafuta kidevuni, akamkabidhi Bi Sikudhani cheti chenye muhuri na bati la kupigilia mlangoni: KAYA YA MFANO. Jirani yake, Bi Kibibi, ambaye hakuwa ameweka akiba hata ya chumvi, alipigiliwa bati jeusi: KAYA ZEMBE. Alilia kwa haya. Tukaondoka tukiwa tumeshiba na tumetenda haki.

Sasa, kaya ya mfano lazima itazamwe, la sivyo ni mfano wa nini? Juma lililofuata ikaja Kamati ya Wilaya kujifunza kutokana nayo. Ikajifunza vibaba sita. Ikaja Kamati ya Mkoa, ambayo kwa cheo chake ilipaswa kujifunza zaidi. Wakaja waandishi wa habari waliotaka kupiga picha ya kapu likiwa na chakula, halafu ya kapu likiwa tupu, na hiyo ya pili ikahitaji maandalizi. Ukaja ujumbe wa nchi rafiki ambayo nayo ilikuwa katika mpito. Wale walikula kimya, kwa haraka, na mmoja wao alifunga ukoko kwenye leso.

Mimi nilihudhuria kila ziara, maana kumbukumbu haziandikwi zenyewe. Kila nilipoingia, Bi Sikudhani alinipa kiti kile kile karibu na pipa, na kila mara mkono wake ulizama zaidi alipochota. Mwanzo ulizama hadi kifundo. Halafu hadi kiwiko. Siku ya ujumbe wa nchi rafiki aliingiza kichwa ndani na sauti yake ikatoka humo ikivuma.

Na Bi Kibibi mzembe? Hakuna aliyekwenda kwake. Bati jeusi lilimfukuzia wageni wote. Alipata muhogo huku, mboga kule, akapika na kula mlango wazi, hana hofu. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa na mashavu.

Bi Sikudhani akafunga safari kuja ofisini kwetu. Aliliweka bati la KAYA YA MFANO juu ya meza ya Bwana Ngurumo.

"Nimekuja kulirudisha, baba. Mimi nimekuwa mzembe."

"Haiwezekani," alisema Mwenyekiti. "Wewe ni fahari ya mkoa."

"Fahari imekwisha kuliwa. Pipa linaonyesha kitako. Binti yangu siku zake zimekaribia. Naomba bati jeusi kama la Bi Kibibi."

Bwana Ngurumo alimwelewa kabisa. Alikuwa mtu wa huruma. Akamweleza taratibu: ili kaya ishushwe hadhi, Tume inapaswa kuitembelea mara tatu, kila mara ihakikishe kwa kuonja kwamba kweli hakuna cha kuonja.

"Na kama hakuna mtakula nini?"

"Utatafuta, mama. Wageni ni wageni."

Bi Sikudhani akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, umeliandika hilo?"

"Nimeliandika, mama."

"Umeliandika vizuri?"

Niliinamia daftari. Akachukua bati lake akaondoka nalo kwapani.

Siku tatu baadaye ilitoka barua. Mheshimiwa Waziri wa Mpito mwenyewe angeitembelea Kaya ya Mfano, akifuatana na watu sitini, wakiwemo walinzi, mpiga filimbi na mwonjaji binafsi wa Waziri. Mimi ndiye niliyepeleka barua ile Kiwambo. Bi Sikudhani aliniomba nimsomee mara mbili. Ndani ya nyumba hapakuwa na kifuko, hapakuwa na jani. Pipa lilikuwa na majivu matupu. Kilichobaki ni kopo jeupe chini ya kitanda.

Mboni aliuliza kutoka chumbani, "Mama, watakunywa uji wangu?"

Bi Sikudhani alinigeukia. Aliniuliza mimi, kwa upole kabisa, ziara hiyo itakuwa siku gani na saa ngapi. Nikamwambia Alhamisi saa nne asubuhi. Akasema, "Waambie karibu," akaenda kumwita Bi Kibibi kwa juu ya ua.

Alhamisi saa nne magari ishirini yaliingia Mtaa wa Kiwambo. King'ora kilikuwa kinalia, filimbi inapigwa, na Mheshimiwa Waziri alikuwa ameshalegeza kanda za mabegani. Lakini nje ya nyumba ya Bi Sikudhani tulikuta mikeka imetandikwa barazani na wanawake wa mtaa mzima wameketi wamejitanda kanga. Bi Kibibi alikuwa katikati, analia kwa sauti ambayo bado ipo masikioni mwangu. Ndani ya chumba, kitu kirefu kililazwa na kufunikwa shuka. Jikoni mafiga yalikuwa baridi.

Hata Waziri alijua maana yake. Nyumba ya msiba kwetu haiwashi moto siku tatu. Hakuna mgeni anayepikiwa, awe nani, na yeyote anayefika huleta alichonacho akawaachia wafiwa. Mila hii haimo kwenye Katiba, kwa sababu hakuna mbunge aliyeona faida yake, lakini hata mwizi wa kwetu huiogopa.

Nilichutama karibu na Bi Sikudhani nikamnong'oneza, "Pole, mama. Tumempoteza nani?"

"Pipa, mwanangu," alininong'oneza. "Limetutoka."

Nikatazama kile kilichofunikwa shuka. Nikatazama daftari langu. Sikuandika kitu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu niajiriwe.

Waziri hakuuliza amekufa nani. Kiongozi wa kwetu hawezi kuuliza hivyo, maana ataonekana hawajui watu wake. Alimtazama Bwana Ngurumo, naye Bwana Ngurumo, ambaye hakujua chochote, akamwambia sikioni, "Ni mtu wa karibu sana na familia." Basi Waziri akavua kofia, akasimama mbele ya mikeka, akakunja uso.

"Ndugu wafiwa," alianza. "Nilimfahamu marehemu. Nani asiyemfahamu? Alikuwa mtu mpana wa moyo. Alitoa bila kuuliza. Kila aliyemwendea alirudi ameridhika. Je, mama, nasema uongo?"

"Husemi uongo, mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani. "Alikuwa mnene alipokuja hapa. Nyumba nzima ilimtegemea. Halafu akaanza kupungua."

"Alipungua tangu lini?"

"Tangu Tume ilipoanza kumtembelea."

Waziri akamgeukia Bwana Ngurumo huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona? Hata katika ugonjwa wake Serikali haikumwacha peke yake. Na mpaka mwisho mlikuwa naye?"

"Mpaka punje ya mwisho ya uhai wake," alisema Bi Sikudhani. Bi Kibibi akapiga yowe, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na si kwa kilio.

Waziri alitokwa na machozi. Nadhani yalikuwa ya kweli, maana saa ya chakula ilikuwa inapita. Akaamuru rambirambi. Msafara wake haukuwahi kwenda popote bila akiba yake yenyewe, na buti za magari ishirini zikafunguliwa. Zikashushwa magunia mawili ya mchele, sukari, madumu ya mafuta, kunde, samaki wakavu na tenga la machungwa. Mwonjaji binafsi alijaribu kubakiza tenga la machungwa, wanawake wakamtazama, akaliweka chini. Ndipo watu sitini wakaondoka Kiwambo na matumbo matupu, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia ya ziara za Serikali. Bwana Ngurumo alikuwa anapiga miayo hadi machozi.

Mnafikiri yaliishia hapo? Hamuijui nchi yangu.

Waziri hakulala kwa kufikiri. Nyumba yenye wageni sitini, bila kuni, bila chungu, bila mtu kudai chakula! Hicho ndicho Serikali ilichokuwa inakitafuta kwa semina zote zile. Jumamosi asubuhi akatangaza redioni Maombolezo ya Taifa ya siku tisini. Moto usiwashwe katika nyumba yoyote. Kila mwananchi ampelekee jirani yake aliyefiwa chakula, na kwa kuwa wote wamefiwa, kila mmoja apeleke na kila mmoja apokee. Mtu mmoja alipiga simu redioni kuuliza amekufa nani. Akaambiwa jina litatangazwa baada ya kuidhinishwa na baraza la mawaziri. Ikulu ilisamehewa kuzima moto, kwa kuwa haina jirani.

Nililia siku ile. Sikulilia taifa, maana taifa linajilia lenyewe. Nililia kwa sababu ni mimi niliyeandika jioni ya msiba, niliporudi ofisini, kwa mkono wangu, sentensi moja tu iliyosomwa na Waziri: "Wafiwa hawakupika."

Tume ikapewa kazi mpya ya kuhesabu moshi. Mimi nikapangiwa Kiwambo. Nilizunguka mitaa na daftari kubwa, lile lenye taarifa nzima, kurasa mia tatu na ushee, nikitazama juu ya mapaa. Mapaa yote yalikuwa safi. Watoto walikaa barazani wakitafuna mchele mkavu. Kisha, kiasi cha saa tatu asubuhi ya siku ya tisa, nikaona moshi mwembamba mweupe unapanda kutoka kwa Bi Sikudhani.

Sheria inataka afisa apige hodi. Nikapiga hodi.

"Karibu," alisema Bi Sikudhani. Alikuwa amechutama jikoni, macho mekundu, anapuliza kuni mbichi ambazo hazikutaka kushika. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria ndogo, na kando yake kopo jeupe, limefunguliwa.

"Mama," nilisema, "kuna moshi."

"Naujua, unaniua macho. Mboni kajifungua alfajiri. Kila nikipuliza, moto hautaki. Maji hata joto hayajapata, na mzazi hajatia kitu tumboni tangu jana."

Nikasema, kwa sauti ya ofisi, maana sikuwa na nyingine, kwamba nyumba hii, kama nyumba zote, iko msibani.

Bi Sikudhani akainuka. Akanishika mkono kama mtoto, akanipitisha mlangoni hadi chumba cha ndani, pale lilipokuwa pipa. Mboni alikuwa amelala ubavu, uso umempauka kwa uchovu. Kifuani kwake palikuwa na kitu kidogo chekundu, kimekunja ngumi, kinatafuta ziwa kwa hasira.

"Hapa hakuna msiba," alisema Bi Sikudhani. "Hapa kuna mtoto. Na kwetu hakuna aendaye kumtazama mtoto mchanga mikono mitupu, hata Waziri. Mwanangu Hemedi, kwangu umekula mara ngapi?"

"Mara tano, mama."

"Basi leo umeleta nini?"

Nilijipapasa mifuko. Nilikuwa na kalamu, kitambulisho na pipi moja ya ofisi. Mboni alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na sitaki tena.

Nikarudi jikoni. Nikachutama mbele ya mafiga, nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, penye hotuba ya Mheshimiwa Waziri kuhusu mkanda, nikauchana. Ukashika papo hapo. Nikafuatisha semina ya ziwani, kisha Kanuni ya Nne na maoni ya Mwenyekiti juu ya kapu. Kumbe taarifa za Serikali ni kavu sana ndani. Kuni mbichi zikaanza kufoka, halafu zikakubali. Bi Sikudhani akamimina unga taratibu, akakoroga. Tulipofika ukurasa wa mia mbili na kumi, uji ukachemka.